Mawe ya Mazeras Uani

Swali: Fundi amenipa bei ya jumla kutandaza Mazeras, mita za mraba 30. Atasawazisha udongo, amwage mchanga, kisha abandike kila jiwe kwa madonge matano ya saruji. Nikubali?

Jibu: Usikubali bado. Kazi hii huharibikia chini, mahali usipopaona. Achimbe udongo laini, ajaze kifusi cha mawe sentimita 10 hadi 15, akishindilie kwa mashine. Madonge huacha mapengo. Maji hujikusanya humo, na jiwe likikanyagwa pembeni huvunjika. Dai tandiko zima la saruji na mchanga, na mteremko wa sentimita 1 hadi 2 kila mita, kutoka ukutani. Bei aichanganue: mawe, kifusi, saruji, ufundi. Akikataa kuichanganua, tafuta mwingine.