Jino la Kauri: Mfupa Haushiki Vizuri Palipo Laini

Wiki hii tuangalie jino la bandia linalopandikizwa kwenye taya, hasa lile la kauri nyeupe ya zirikonia, linalochaguliwa na wasiotaka chuma mdomoni.

Wengi hudhani mzizi wake ukiwa laini ndio bora. Sivyo. Hapa Mwanza kila fundi mwashi anajua kwamba zege laini hugongwagongwa kwanza, la sivyo plasta hubanduka. Mfupa nao ni hivyo hivyo. Kiwandani mzizi hupigwa chembe ngumu kwa upepo wa mashine, kisha huoshwa kwa tindikali, ukabaki na vishimo visivyoonekana kwa macho. Seli zinazojenga mfupa hujishikiza humo na kuweka mfupa mpya. Lakini sehemu inayopita kwenye fizi huachwa laini, maana mikwaruzo hapo hufuga vijidudu.

Kazi hiyo huchukua takriban miezi 3 hadi 6. Mzizi ukitikisika mapema, huota nyama badala ya mfupa, na jino hulegea. Sigara na kisukari kisichodhibitiwa huzidhoofisha seli hizo.

Kabla ya kukubali, muulize daktari wako:

1. Uso wa mzizi umeandaliwaje?
2. Je, nitawekewa unga wa mfupa? Umetokana na nini? Upo wa ng'ombe, upo wa nguruwe, na upo wa kutengenezwa kiwandani.

Ukishapona, piga mswaki asubuhi na usiku. Kauri haitoboki, lakini fizi huugua na mfupa ukaliwa.