NENO "GRACE" NA NEEMA TUPEWAYO

Somo: Waefeso 2:1–10



Mtoto anayesoma Kiingereza akiuliza, "Grace maana yake nini?" twamjibu upesi: "Ni neema." Jibu ni sahihi, lakini halitoshi, kwa kuwa Waingereza hulitumia neno hilo moja kwa mambo mengi. Na tuyatazame, maana moja kati ya hayo laweza kutupotosha katika imani.

1. Sala. Sala ya kabla ya chakula huitwa "grace". Neno limetoka katika Kilatini, ambako lilikuwa na maana ya fadhili na pia ya shukrani. Tena maneno ya 2 Wakorintho 13:14, yanayofunga Sala ya Asubuhi na ya Jioni katika Kitabu cha Sala cha 1662, huitwa "the Grace". Ndiyo maana nasi husema, "Tuseme Neema," na wengine wetu huwa wamekwisha kushika mikoba yao.

2. Heshima. Sisi twasema Baba Askofu Mkuu. Kwa Kiingereza huambiwa "Your Grace". Zamani hata wafalme wa Uingereza waliitwa hivyo.

3. Uzuri wa mwenendo. Msichana atembeaye kwa madaha, au mzee apokeaye habari mbaya kwa utulivu, wote husemwa kuwa wana "grace".

4. Muhula wa deni. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1882 juu ya hati za malipo za wafanya biashara ilimwongezea mdaiwa siku tatu baada ya siku ya kulipa. Ziliitwa siku za "grace", nazo zilifutwa huko mwaka 1971. Hata leo makampuni ya bima huwapa muhula wa namna hiyo wateja waliochelewa kulipa. Lakini angalieni: deni liko pale pale. Muhula ukiisha, mdai atabisha hodi.

Hapa ndipo penye hatari. Wengi wetu huiwaza neema ya Mungu kama muhula huo. Yuko mtu aliyekosa miaka mingi iliyopita, akatubu na kuungama. Lakini kila Meza ya Bwana ikiandaliwa hubaki benchini, kichwa chini. Adhani Mungu amemwongezea siku tu, ili alipe kwanza ndipo akaribie. Mwingine hutoa sadaka na kujitolea kwa kila kazi ya kanisa, si kwa furaha, bali kama alipaye deni kidogo kidogo.

Ndugu, Mtume Paulo hakusema hivyo. Katika Waefeso 2:8 aita wokovu kipawa cha Mungu. Neno lile lile la Kiyunani alilolitumia kwa neema, alilitumia pia katika 2 Wakorintho 8 kwa changizo la watakatifu wa Yerusalemu, yaani kitu wanachotiwa mkononi wasio na cha kulipa. Deni letu halikuahirishwa. Limefutwa.

Je, basi neema ni ruhusa ya kuishi tupendavyo? Tumwangalie John Newton, aliyetunga wimbo "Amazing Grace" kwa ibada ya Mwaka Mpya wa 1773 huko Olney, Uingereza. Alimlilia Mungu katika dhoruba baharini mwaka 1748, lakini aliendelea na kazi ya meli za watumwa hadi mwaka 1754. Akapewa ukasisi mwaka 1764. Mwaka 1788 alitoa kijitabu cha kulaani biashara ile, akiungama sehemu yake mwenyewe. Neema haikumdai malipo, wala haikumwacha vile alivyokuwa.

Basi wewe uliyetubu, usibaki benchini. Njoo mikono mitupu. Hivyo ndivyo zawadi hupokewa.

Maswali ya kujadiliana:

1. Je, yuko jirani uliyemsamehe kwa muhula tu, ukingoja akosee tena ili umkumbushe deni la kwanza?

2. Mavuno yakiwa mengi twasema ni mwaka wa neema. Mvua ikikosa, neema ya Mungu iko wapi? Someni 2 Wakorintho 12:7–10.

3. Tunaposema Neema mwisho wa ibada, twamwombea nani?