Kuendesha Pikipiki Polepole

Wengi hudhani kwamba ufundi wa pikipiki ni mbio. Mimi pia nilidhani hivyo, hata siku moja nikamwangusha mama yangu mbele ya soko la Mbale, nikienda mwendo wa mtu atembeaye kwa miguu. Hakuumia, lakini mayai yake yote yalivunjika, nami nikaona haya. Basi nikajifunza upya.

Kwanza, macho. Siku ile nilitazama gurudumu la mbele. Tazama mbali, pale unapotaka kufika.

Pili, klachi. Usiiachilie yote wala usiibane yote. Ishike pale inapoanza kuvuta, na moto uwe sawasawa. Pikipiki inayovutwa na injini husimama wima. Ikikatwa nguvu ghafula, hulala.

Tatu, breki. Kanyaga ya nyuma kidogo tu, injini ikiendelea kuvuta. Usibane breki ya mbele usukani ukiwa umepinda. Hiyo ndiyo iliyotuangusha.

Nne, kona kali. Inamisha pikipiki upande wa kona, na mwili wako uegemee upande wa pili.

Jizoeze uwanjani, kofia ngumu kichwani. Weka mawe mawili, hatua 10 kati yake. Toka jiwe hili hata lile polepole uwezavyo, bila kutia mguu chini. Kisha yazunguke kwa umbo la 8, kulia na kushoto. Usimpakie mtu kabla ya kuyaweza hayo.

Mimi nilijizoeza wiki tatu, ndipo mama akakubali kupanda tena. Mayai aliyapakata mwenyewe.