Jirani Atafutaye Bahari

Ndugu wasomaji, somo letu la safari hii si la fikihi wala la nahau, bali ni la kumjua jirani. Hapa Siyu, kila itajwapo bandari mpya ya Lamu, watu barazani hugawanyika mafungu mawili. Wako wasemao kwamba Uhabeshi itakuja na mizigo yake itutajirishe, na wako wasemao kwamba dola hiyo ikishaonja maji ya bahari haitaridhika mpaka iwe yake. Twaona kwamba wote wawili wamehukumu kabla ya kusoma, na mambo yenyewe yasomeka.

Jina la Uhabeshi si geni masikioni mwetu. Ndiko walikohamia Masahaba kiasi cha mwaka 615, wakapokewa kwa uadilifu na Najashi. Twaukumbuka wema huo, wala hatuufanyi kuwa hoja katika mambo ya leo. Dola hupimwa kwa haja zake na kwa vitendo vyake.

1. Haja isiyobadilika

Uhabeshi, yaani Ethiopia, ina watu zaidi ya milioni 120 wala haina hata dhiraa moja ya pwani. Haikuwa hivyo siku zote. Mwaka 1952 iliunganishwa na Eritrea, na mwaka 1962 ikaimeza kabisa, ikawa na bandari za Massawa na Assab. Eritrea ilipopata uhuru wake mwaka 1993, bandari zote mbili zikaondoka nayo. Hata hivyo mizigo ya Uhabeshi iliendelea kupita Assab, mpaka nchi hizo mbili zilipoingia vitani mwaka 1998. Tangu hapo zaidi ya sehemu tisa katika kumi za biashara yake zikawa zapita Djibouti. Nchi kubwa kama hiyo ikawa mpangaji katika nyumba yenye mlango mmoja, na ufunguo umo mkononi mwa mwingine.

Shina ni hili. Wafalme na mawaziri hupita, haja ya bahari haipiti.

2. Njia zinazobadilika

Zamani za Haile Selassie, Uhabeshi haikuitazama Kenya kwa ajili ya bandari. Iliitazama kwa ajili ya Somalia, iliyodai Ogaden kwa upande mmoja na Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini kwa upande wa pili. Hofu ikiwa moja, nchi mbili hizi zikafanya mapatano ya kulindana. Mfalme alipopinduliwa mwaka 1974, wakaja wanajeshi wafuatao siasa ya Moscow, hali Kenya ilikuwa rafiki wa nchi za Magharibi. Na urafiki haukuvunjika. Msomaji na azingatie: itikadi ilibadilika, ila hofu ya pamoja ilibaki, ndiyo iliyoushika urafiki.

Baadaye Kenya ikageuka machoni mwa Uhabeshi, kutoka ukuta ikawa mlango. Tarehe 2 Machi 2012 Meles Zenawi alikuja Lamu, akasimama pamoja na Mwai Kibaki na Salva Kiir kuanzisha kazi ya bandari na ya njia ziendazo Ethiopia na Sudan Kusini. Wengi wetu tulidhani siku ile kwamba mteja ameshapatikana.

Lakini mteja yule alikuwa akibisha hodi kwingine pia. Mwaka 2018 Uhabeshi ilipewa hisa 19 katika mia za bandari ya Berbera, na mwaka huo huo Abiy Ahmed akapatana na Eritrea. Mambo hayo hayakudumu. Hisa za Berbera zilipotea mwaka 2022, kwa kuwa masharti yake hayakutimizwa. Vita vya Tigray vilikwisha anza Novemba 2020, vikaendelea mpaka mapatano ya Pretoria ya Novemba 2022. Gati la kwanza la Lamu lilifunguliwa tarehe 20 Mei 2021, na mteja wake mkubwa yumo vitani nyumbani kwake.

Mwaka 2023 lugha yenyewe ilibadilika. Abiy aliwaambia watu wake kwamba bahari ni jambo la uhai kwa nchi yao. Tarehe 1 Januari 2024 akatia saini na Somaliland hati ya kupata kipande cha pwani kwa kukodi, nayo Somalia ikaghadhibika, ikaona ardhi yake imeuzwa na asiye mwenyewe. Kenya ilikuwa katikati: huku ina mpaka wa Moyale na rafiki wa kale, huku ina askari wake waliokwisha ingia Somalia tangu Oktoba 2011. Tarehe 11 Desemba 2024, mjini Ankara, Waturuki wakawakutanisha wagomvi, wakakubaliana kwamba Uhabeshi itafute njia ya bahari pasi na kuvunja mamlaka ya Somalia.

3. Maana yake kwetu

Asemaye kwamba Uhabeshi italeta neema, ajue kwamba jirani huyu hubisha milango yote, na ataingia ule ulio rahisi na wa amani. Gati peke yake halimvuti. Humvuta barabara iliyokwisha, usalama wa njia, na ada isiyomlemea. Katika magati 32 yaliyokusudiwa Lamu, yaliyojengwa kwanza ni matatu. Na aogopaye kutekwa, ajue kwamba kwa Kenya jirani huyu amekuja kwa mapatano, wala hatukuona vinginevyo.

Hasara iliyotupata haikutoka Addis Ababa. Wavuvi walipoteza maji yao ya kuvulia kwa kuchimbwa mkondo na kujengwa gati, na watu hawakushauriwa ipasavyo. Walikwenda mahakamani, na mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi ikaamua wavuvi wapatao 4,600 walipwe shilingi bilioni 1.76. Haki ile ilidaiwa kwa ushahidi na kwa umoja.

Wazee wetu wa Siyu waliyarudisha nyuma majeshi ya Seyyid Said katika miaka ya 1840, na bado katika miaka ya 1860 mji ukaingia chini ya Unguja. Lakini jina la Siyu halikusimama kwa vita peke yake. Lilisimama kwa kunakili misahafu na kwa kazi ya ngozi na ya fedha, na ufundi huo haukungoja ruhusa ya dola yoyote.

Basi yatupasa mambo matatu. Tuwasomeshe vijana kazi za bahari: unahodha, ufundi wa mitambo, hesabu za forodha. Tuzishike hati za mashamba na viwanja vyetu kabla bei hazijapanda. Na tusimwachie mtu mmoja kusema kwa niaba ya mji.

Maswali ya darasa:

1. Kwa nini urafiki wa Kenya na Uhabeshi haukuvunjika mwaka 1974?
2. Mapatano gani ya 2018 hayakudumu, na kwa sababu gani?
3. Meli ya Uhabeshi ikifunga gati kesho, ni vijana wangapi wa mtaa wako wenye ujuzi wa kuihudumia?

Wabillahi taufiki.