Kemia Yatambulisha Miamba Iliyo Chini ya Bahari

Watu wawili wakichimba visima, mmoja upande huu wa bonde na mwenziwe ng'ambo, nao wote wakakuta udongo mwekundu, je, udongo huo ni tabaka moja lipitalo chini ya bonde, au ni matabaka mawili yafananayo kwa rangi tu? Kwa wachimbao gesi baharini swali hili ni kubwa. Wakikosea jibu, kisima kifuatacho huenda kikatobolewa mahali pasipo na gesi, na mamilioni ya fedha yakapotea.

Kwa desturi wataalamu hulinganisha matabaka kwa visukuku, yaani mabaki ya viumbe na mimea ya kale. Lakini kusini mwa Bahari ya Kaskazini, karibu na Uingereza, iko miamba myekundu ya miaka ipatayo milioni 310 ambayo ina visukuku vichache mno. Matope yake yaliletwa na mito yakatandazwa juu ya nchi kavu. Hewa iliharibu mabaki ya mimea, na chuma kilichomo kikashika kutu. Ndiyo sababu ya wekundu wake. Katikati ya matope hayo mna matabaka ya mchanga yenye gesi.

Hapo ndipo kemia inapoleta msaada. Kisima kinapochimbwa, vipande vidogo vya mwamba huletwa juu pamoja na tope la kuchimbia. Vipande hukusanywa kila baada ya mita chache, na kila fungu huandikiwa kina chake. Katika maabara huoshwa, husagwa kuwa unga, kisha huyeyushwa. Maji yake hupulizwa katika gesi yenye joto la maelfu ya digrii, na hapo kila elementi hutoa mwanga wake wa pekee. Kwa njia kama hizi hupimwa elementi zipatazo 50.

Si kila elementi ifaayo kutegemewa. Sodiamu na kalisiamu huchukuliwa upesi na maji. Zirkoniamu hukaa katika chembe ngumu zisizoharibika kwa urahisi, nayo huonyesha mchanga ulitoka katika milima ya namna gani. Mtaalamu hulinganisha kiasi cha elementi moja na nyingine, tabaka kwa tabaka. Mfuatano ule ule ukionekana katika visima viwili, ni dalili ya kwamba matabaka ni yale yale.

Hata hivyo tahadhari ni lazima. Vipande vya juu huweza kuporomoka na kuchanganyika na vya chini. Tena tope la kuchimbia hutiwa madini yenye bariamu ili liwe zito. Kwa hiyo bariamu ya kisima haiaminiki. Wala kemia peke yake haitaji umri wa mwamba. Sharti matokeo yalinganishwe na vipimo vingine vya kisima.

Mwaka 1999 wataalamu walitangaza matokeo ya kuijaribu njia hii kwa miamba ya namna hiyo iliyo nchi kavu katika Uingereza, ambako mpangilio wa matabaka ulikwisha kujulikana. Mwaka 2005 yakatangazwa matokeo ya miamba ya chini ya bahari. Utaratibu huo ni wa busara: kipimo kipya hujaribiwa kwanza kwa kitu kinachojulikana, ndipo kiaminiwe kwa kile kilichofichika.