Dondoo muhimu: Kompyuta kuukuu kando ya mto

Isangi, pale Lomami inapoingia mto Kongo, unyevu huua kompyuta ya 1985 zaidi kuliko umri; kabla ya kuipakia botini Kisangani, shika haya:

1. Usiiwashe siku uliyoinunua. Ifungue kwanza, utafute kutu, mende na betri iliyovuja.
2. Ng'oa betri iliyolehemiwa kwenye ubao. Maji yake hula njia za shaba hata mashine ikiwa imezimwa. Hapa ndipo wengi hukosea.
3. Soma kibandiko cha nyuma: mashine ya Marekani hutaka volti 120, nasi tuna 220.
4. Ukipata Commodore 64 (ya 1982), usiamini adapta yake ya asili. Ikichakaa hutoa zaidi ya volti 5 inazopaswa kutoa, na chipu za kumbukumbu huungua. Pima kwanza kwa multimita.
5. Jenereta ikiyumba, zima mashine.
6. Skrini ya kioo kizito usiifungue: maelfu ya volti hubaki ndani hata waya ukichomolewa.
7. Disketi yenye ukungu usiitie kwenye mashine. Itachafua kichwa cha kusomea, nacho kitaharibu disketi nzima zitakazofuata.
8. Weka mashine rafuni, si sakafuni, wala usiifunge kwenye plastiki bila vifuko vya kukausha unyevu, vile vya ndani ya boksi la viatu.
9. Kibodi ya AZERTY, ile ya Kifaransa, usiibadilishe, hata kama ya Kiingereza ni rahisi kupatikana.
10. Plastiki iliyogeuka njano? Iache. Mimi naipenda hivyo.