Kabla ya Kufungua Baa ya Gemu Nairobi

Mtu aliyeshika pedi ya gemu kwa mikono miwili hana mkono wa kushika glasi. Anayetaka kufungua baa ya gemu jijini Nairobi atafakari hilo kabla hajaanza kutafuta nyumba ya kupanga, kwa maana hesabu nzima ya biashara imejificha hapo. Gemu ndizo zinazomtoa kijana Roysambu au Lang'ata jioni ya Alhamisi na kumpandisha matatu kuja kwako. Kodi, mishahara na stima hulipwa na vinywaji na chakula. Usipovipanga vizuri, viwili hivi vitapigana: kadiri mteja anavyozama katika mchezo ndivyo anavyosahau kuagiza.

Waanzilishi wa biashara hii hawakuwa na tatizo hilo. Mwaka 1972 kampuni ya Atari iliweka mashine yake ya kwanza ya gemu ya Pong ndani ya baa moja ya mji wa Sunnyvale, California, iliyoitwa Andy Capp's Tavern. Baada ya siku chache mashine ikagoma. Allan Alcorn, mhandisi aliyeiunda, alipokwenda kuitazama alikuta chombo cha kupokelea sarafu kimejaa pomoni. Kila mchezaji wa Pong alizungusha kitufe kimoja tu, kwa mkono mmoja. Baa ya gemu ya Barcade ilipofunguliwa Brooklyn mwaka 2004, ilirudia siri ileile kwa kuleta mashine za miaka ya 1980, zile za kusimama. Gemu za wakati ule ziliundwa zikutoe mchezoni haraka ili uchomoe sarafu nyingine. Kila dakika chache mchezaji anapumzika, anageuka, anaongea na jirani, anakunywa. Gemu nyingi za leo zimeundwa kwa nia iliyo kinyume kabisa, yaani kukushika usiku kucha.

Kwa hiyo chagua gemu kwa urefu wa mechi yake kabla ya umaarufu wake. Raundi ya Tekken, gemu ya mapigano, ni dakika moja, na mechi nzima haifiki dakika tano. Mbio za Mario Kart huchukua dakika tatu hivi. Kwa soka, yaani EA Sports FC ambayo Nairobi nzima bado inaiita FIFA ingawa jina lilibadilika mwaka 2023, punguza kila kipindi kiwe dakika nne. Gemu za hadithi ndefu za mtu mmoja ziache nyumbani, hata kama wewe mwenyewe unazipenda kuliko zote. Kisha weka kanuni ambayo kila aliyewahi kuingia banda la gemu mtaani anaifahamu: mshindi anabaki, aliyefungwa anampisha mwingine. Huyu aliyefungwa ndiye mteja wako. Ameinuka, mikono yake iko huru, ana maneno mengi ya kusema, na kaunta iwe hatua tano tu kutoka aliposimama.

Watazamaji nao ni wanywaji. Wanaoanza biashara hii hujaza chumba kwa mashine nyingi, kila moja na kiti chake kikiuelekea ukuta, wakidhani mashine nyingi ni pesa nyingi. Mimi ningechukua mashine sita badala ya kumi na mbili, na nafasi iliyobaki ningeweka meza ndefu za kusimamia nyuma ya wachezaji, mahali ambapo watu wanne au watano wataona skrini bila kupinda shingo. Moja ya skrini hizo iwe kubwa, iinuliwe juu, ionyeshe mechi kali ya usiku huo. Nairobi ina wachezaji wa Tekken wa kiwango cha juu. Sylvia Gathoni, anayejulikana kwa jina la QueenArrow, alisajiliwa na timu ya Kimarekani ya UYU mwaka 2018 kwa sababu ya gemu hiyo. Watu wa kiwango hicho wakicheza, chumba kizima husimama na kupiga kelele, na hata asiyejua kitufe kimoja hufurahia.

Swali la kutoza pesa kwa gemu huwasumbua wengi. Mabanda ya mitaani tayari hutoza kwa mechi, na kwa bei hutawashinda, kwa kuwa kodi yao ni ndogo na hawana mishahara mingi. Siku za kazi ni afadhali gemu ziwe bure kwa yeyote aliyeagiza kitu, na kiingilio kiwepo siku za mashindano pekee. Asiyekunywa pombe asihesabiwe mzigo. Wachezaji wengi hawanywi, au hunywa kidogo ili vidole visizubae. Watengenezee dawa ya moto ya ndimu, asali na tangawizi, juisi iliyokamuliwa papo hapo na vinywaji vilivyochanganywa kwa ustadi visivyo na kileo, kisha uviuze kwa bei ya kujiheshimu.

Sasa tuje kwenye saa. Sheria ya Kudhibiti Vileo ya mwaka 2010, ambayo watu huiita sheria ya Mututho, inaruhusu baa ya kawaida kuuza pombe kuanzia saa 11 jioni hadi saa 5 usiku siku za kazi, na kuanzia saa 8 mchana hadi saa 5 usiku wikendi na sikukuu. Jumla ni saa 48 kwa wiki. Tuseme kodi yako ni shilingi 150,000 kwa mwezi: kila saa unayoruhusiwa kuuza inabeba zaidi ya shilingi 700 za kodi peke yake, kabla hujamlipa mhudumu wala kununua kreti ya kwanza. Ifanye hesabu hiyo kwa kila nyumba utakayoonyeshwa, kisha ujiulize kama Jumanne yenye mvua itaweza kuibeba. Leseni za vileo ziko za aina mbalimbali, za mikahawa zikiwa na masharti yake. Zungumza na afisa wa leseni wa kaunti ndogo kabla ya kulipa amana yoyote ya nyumba.

Mchana utakaa bure, na hapo ndipo kishawishi huingia: kwa nini watoto wasicheze hadi saa 11, kisha baa ianze? Usifanye hivyo. Sheria hairuhusu aliye chini ya miaka 18 kuingia mahali panapouzwa pombe, na mwenye leseni ndiye atakayejibu. Baa inatakiwa iwe angalau mita 300 kutoka shule ya wanafunzi wa umri huo. Lakini hata sheria ingekuwa legevu, rangi na katuni za gemu humvuta mtoto kutoka ng'ambo ya barabara, na mwenye baa anao wajibu wa kutomzoesha mlango ule. Weka mlinzi anayekagua vitambulisho pasipo kuona haya, na mbele ya jengo pafanane na mahali pa watu wazima. Kumbuka pia kwamba sera ya kitaifa iliyozinduliwa mwaka 2025 inapendekeza umri wa kunywa upandishwe hadi miaka 21. Pendekezo hilo likipitishwa kuwa sheria, baa iliyojengwa juu ya wanafunzi wa mwaka wa kwanza wa chuo kikuu itapoteza wateja wake mara moja. Walenge watu wa miaka 25 hadi 40, waliokua na PlayStation ya kwanza na ya pili, na ambao sasa wana mshahara.

Epuka jengo lenye watu wanaolala juu yake. Mwishoni mwa 2022 Gavana Johnson Sakaja alipiga marufuku klabu za usiku katika maeneo ya makazi, na mechi ya fainali hutoa kelele kuliko muziki. Upande wa Ngong Road, Westlands au katikati ya jiji zipo nyumba za biashara tupu. Angalia kama matatu bado hupita hapo saa 5 usiku, wakati wateja wako wote watakapotoka kwa pamoja.

Jambo ambalo wengi hawalishughulikii kabisa ni haki za gemu zenyewe. Diski uliyonunua dukani imekupa ruhusa ya kucheza nyumbani, haikukupa ruhusa ya kuionyesha gemu hadharani kwa biashara. Nchini Japani, mwaka 2018, polisi waliwakamata wasimamizi wa baa za gemu za Kobe na Kyoto kwa kosa hilohilo. Waandikie wachapishaji wa gemu unazozitaka, eleza biashara yako, omba idhini ya maandishi, na uihifadhi kila barua. Wapo watakaokataa, wengine hawatajibu, na hapo wakili wa hakimiliki atakulinda kuliko fundi yeyote. Njia nyepesi zaidi ni kuanza na waundaji wadogo wanaojibu barua zao wenyewe, na hapa Kenya tunao. Andrew Kaggia alitoa Nairobi X mwaka 2015, gemu ya kupambana na wavamizi kutoka anga za mbali, jijini humu. Usiku mmoja kwa mwezi wa waundaji wa Kenya kuonyesha kazi zao utakupa gemu zenye idhini na watu wapya mlangoni, nao wapate kuona jinsi umma unavyoicheza kazi yao. Nisingekubali baa ya gemu ya Nairobi isiyokuwa na usiku huo.

Picha za ukutani na jina la baa navyo vina wenyewe. Mario ni mali ya Nintendo, na neno Barcade ni alama ya biashara iliyosajiliwa Marekani, kwa hiyo tafuta jina lako. Jiji hili lina wachoraji wa matatu ambao kwa mkono wao huupa uhai ubavu wa basi zima. Waajiri wakuchoree Nairobi kwa vipande vidogo vya mraba kama picha za gemu za zamani: KICC, marabou wa Nyayo, foleni ya Thika Road. Kitu hicho hakipatikani Brooklyn wala Tokyo.

Vibali vingine ni vya baa yoyote: leseni ya biashara ya kaunti, zimamoto, vyeti vya afya vya wahudumu, risiti za eTIMS kwa KRA, malipo kwa mashirika ya hakimiliki za muziki, na kifurushi cha kibiashara, si cha nyumbani, ukionyesha soka ya kweli kwenye runinga. Dau baina ya wachezaji ukatae tangu siku ya kwanza, usije ukajikuta unaendesha kamari bila leseni. Zawadi za mashindano zitoke mfukoni mwako, na zisiwe pombe.

Kuhusu vifaa, nenda Luthuli Avenue bila haraka. Zunguka maduka, linganisha, na tafuta fundi wa pedi kabla ya kununua hiyo pedi. Vijiti vya pedi huchakaa vikaanza kumsogeza mchezaji ambaye hajavigusa, na katika baa hilo hutokea upesi kuliko nyumbani. Kwa kila pedi mbili zinazotumika weka moja ya akiba, na ziwe za waya: hazipotei, hazimalizi chaji, hazichelewi. Runinga ziwekwe katika hali ya gemu, la sivyo picha huchelewa kidogo na mchezaji wa Tekken atakuaga usiku huohuo. Ukitamani makabati ya kusimama, yale ya asili ni mazito, ni ghali kusafirisha, na vipuri vyake ni adimu hapa. Mafundi seremala wa kando ya Ngong Road wanaweza kukutengenezea kabati la mbao ngumu, ndani ukaweka kompyuta na gemu ulizopata idhini ya kuzionyesha.

Adui wa mashine ni bia na mafuta. Mashine zikae ndani ya sanduku lenye kufuli na matundu ya hewa, juu ya usawa wa glasi, na vumbi lipulizwe kila wiki. Glasi zipewe ubao wao mdogo ubavuni mwa mchezaji, kamwe zisikae mbele ya skrini. Menyu nayo iandikwe na mtu anayefikiria vidole: mishikaki, viazi karai vya kuchomwa kwa kijiti, sambusa iliyokauka vizuri. Nyama choma na kachumbari zipate meza zake mbali na pedi, na beseni la kunawia karibu. Kila pedi ifutwe inapobadilisha mikono. Stima ikipotea katikati ya fainali, betri za akiba ziendeshe mashine na skrini angalau hadi mechi iishe. Mashine ya kisasa na runinga yake hutumia takriban wati 300, hivyo vituo sita ni chini ya kilowati mbili, kiasi ambacho inveta ya kawaida huweza kukibeba.

Mtu wa kwanza kumwajiri, hata kabla ya mhudumu wa kaunta, ni mwenyeji wa gemu. Kazi yake ni kumwona aliyekuja peke yake, kumuuliza jina, kumtafutia mpinzani wa kiwango chake na kumwonyesha vitufe bila kumdhalilisha. Wanawake wengi wanaocheza gemu wamechoka kutukanwa mitandaoni na kuchekwa mabandani. Kwako mwenye kutukana aondolewe pedi siku hiyohiyo, hata akiwa ndiye anayenunua zaidi, na wahudumu wote wajue kuwa utasimama nao.

Kabla ya kutia sahihi mkataba wa nyumba, tafuta baa ambayo Jumanne hukaa tupu. Mwombe mwenyewe akupe kona kwa miezi miwili. Wewe ulete mashine tatu zenye gemu ulizopata idhini, pedi na watu, naye auze vinywaji. Kila usiku andika ni wangapi waliingia, waliagiza nini, walikaa kwa muda gani, na kila gemu ilimwachia mtu nafasi ya kuagiza mara ngapi. Gawaneni faida ya ziada. Ukimaliza miezi hiyo utakuwa na daftari la namba za kweli la kumwonyesha mwenye nyumba, benki na rafiki anayetaka kuweka pesa zake, na utakuwa unawajua kwa majina watu hamsini wa kuwaalika usiku wa ufunguzi.